Asubuhi Niliyowavusha kwenye Daraja Lililofungwa

Kwenye ujenzi wa daraja jipya huku kwetu Kiseke, kazi yangu ilikuwa kuongoza magari kwa bendera. Mafundi walisuka nondo pembeni, watu wakiendelea kupita daraja la zamani. Kisha mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu asubuhi msimamizi wetu alishuka chini ya daraja, akapanda na matope hadi magotini.

"Nguzo ya katikati ina ufa," akaniambia. "Asipite mtu." Akaondoka kufuata vizuizi.

Haikupita nusu saa, ikaja bajaji ikipiga honi. Nyuma alikuwamo dada mjamzito amejikunja, mama mkwe wake amemshikilia.

"Shikamoo mama. Daraja limefungwa, zungukeni barabara kubwa."

"Marahaba, mwanangu. Chupa imeshapasuka. Tukizunguka atajifungulia humu."

Zahanati ilionekana ng'ambo, hatua chache tu kutoka mtoni.

"Bajaji haipiti," nikasema. "Ashuke, tutembee."

Tulimshika huku na huku. Maji yalikuwa yamejaa, yanagonga nguzo, na daraja lilitetemeka chini ya miguu yetu. Tulipofika katikati uchungu ukambana. Akasimama, akang'ang'ania ukingo wa chuma.

"Dada, twende, tafadhali."

"Siwezi. Subiri."

Mama mkwe alikuwa anaomba kwa Kisukuma. Mimi sikuweza kuomba. Niliwaza wanangu wawili waliokuwa shuleni, na nani angewafuata. Vidole vya yule dada vilipolegea kwenye chuma, tulimburuta zaidi ya kumtembeza. Tulipofika ng'ambo muuguzi akatukimbilia, akampokea.

Nilipogeuka nirudi, msimamizi alikuwa upande wa pili, anapiga kelele: "Usikanyage! Zunguka!"

Nilishika barabara kubwa kwa miguu, bendera zangu kwapani. Karibu na Nyakato ile bajaji ikanikuta, inatoka zahanati ilikokuwa imezunguka kuwafuata.

"Amejifungua," dereva akasema. "Wa kike. Panda nikufikishe."

Nililia njia nzima.

Msimamizi alikuwa ameketi kwenye lundo la kokoto. Hakufoka.

"Ungeniulia watu wanne, wewe na mtoto wa tumboni mkiwemo," akasema, akanyoosha mkono nimpe bendera.

Nikampa. Nilitaka kumwambia habari ya mtoto, lakini alichosema kilikuwa kweli. Kuanzia kesho yake nilibeba maji ya zege mpaka daraja jipya likaisha.

Bado sijui ningefanya nini wangekuja tena.