Mama Alivyompeleka Babu Ziwani kwa Kipoyi

Mama yangu Léontine alikuwa mtu wa kuuliza. Huko kijijini kwetu Wamaza wauzaji walimkwepa sokoni kwa sababu hiyo. Ukimuuzia karanga, atataka kujua udongo wa shamba lako una rangi gani, nani aliyekufundisha kusuka kikapu chako, na kwa nini mbuzi wako anachechemea. Baba yangu, Raphaël, alikuwa kinyume chake: mtu wa kulima pamba ya Serikali, kusali Jumapili na kunyamaza. Walipatana vipi, sijui. Nilipomuuliza Mama, alinijibu kwa swali.

Swali lake kubwa lilimhusu baba yake mzazi, Babu Alimasi. Ujanani Babu alikamatwa kubeba kipoyi, kile kiti kilichofungwa kwenye miti miwili, mzungu akikikalia na watu weusi wakikibeba mabegani. Siku moja walivuka mlima mmoja mrefu (jina sitalitaja, na ukikasirika kasirika tu), na huko juu Babu aliona ziwa. Ziwa zima juu ya mlima, maji meusi, baridi, yamezungukwa na nyasi. Alinawa uso humo. Mzungu wake alikuwa amelala kwa homa, hakuona kitu. Wabebaji wenzake walikufa mmoja baada ya mwingine, Babu akabaki peke yake na ziwa lake.

Hakuna aliyemwamini. Wachuuzi wa chumvi waliopita mlimani kila mwaka walileta jibu lile lile la wenyeji wa huko: ziwa hakuna. Basi Babu akabandikwa jina, Bwana Ziwa. Akisema mvua inakuja, watu wanacheka. Akitoa ushahidi mbele ya chifu, upande wa pili unasema huyu si ndiye yule wa ziwa, na kesi imekwisha. Lilimuuma sana jina hilo. Na alipozeeka akaanza kujishuku mwenyewe.

"Labda homa ya ule muzungu ilinishika na mimi," alimwambia Mama. "Labda niliota tu."

Mama alikasirika kana kwamba ametukanwa yeye. "Tutaenda kuangalia, Baba. Sisi wote, na watoto."

Siku zile watu hawakupanda mlima kwa kuangalia. Mtu alipanda kuwinda, kuoa, au kukimbia kazi ya Serikali. Familia nzima kutoka na watoto bila mizigo ya biashara! Majirani walituuliza nani amekufa. Baba aliogopa kwamba kapita, msimamizi wa kazi ya Serikali, angedhani tunaitoroka pamba. Mama alingoja pamba iuzwe, akaenda mwenyewe kwa kapita, akamwuliza maswali mpaka yule bwana akatoa ruhusa ili apumzike.

Shida ilikuwa magoti ya Babu. Mama akawaambia Baba na mjomba wangu Ismaël wakate miti miwili na kutengeneza kipoyi. Babu aligoma kabisa. Yeye aliyebeba, leo abebwe? Lakini alipokwisha kukaa, haukupita muda akaanza kuwafundisha: "Musirushe mabega hivyo! Ismaël, fuata mguu ya mwenzako. Mi nilibeba muzungu munene kuliko ninyi wawili, na hakumwaga hata chai!" Mama alifunga kitambaa cheupe juu yake kwa ajili ya jua, na kitambaa hicho ndicho kilichotuletea vituko.

Tulitembea kwa raha zaidi kuliko nilivyotazamia. Mama alikuwa na sheria moja: penye jambo la kuuliza, tunasimama. Tukasimama kwenye mti uliojaa viwavi, tukabishana kama wameiva kuliwa. Tukasimama kwenye mavi ya mnyama ambaye hakuna aliyemjua, kila mtu akataja wake. Mdogo wangu aliyekuwa mgongoni kwa Mama alishushwa akimbie kwenye nyasi, akapandishwa tena. Tulikula mihogo na karanga juu ya jiwe kubwa lenye joto, chini yetu mashamba ya Wamaza yakiwa madogo mno. Nilifurahi hadi nikasahau tulichokuwa tunakitafuta. Babu hakusahau. Kadiri tulivyopanda, ndivyo alivyozidi kukitazama kilele.

Alasiri tukafika kwenye kijiji kilicho ubavuni mwa mlima. Njia ilikuwa imetoka kufagiliwa. Watu wamesimama mistari miwili, wanawake wameshika vikapu vya mayai, wanaume wana kuku waliofungwa miguu, na mkubwa wa kijiji amevua kofia yake. Walikuwa wameona kipoyi na kitambaa cheupe kikipanda tangu mbali, na kila mtu alijua kipoyi maana yake nini: mzungu yuko safarini, toeni mayai kabla hamjadaiwa. Watoto walianza kuimba. Kipoyi kikashushwa, na Babu Alimasi akatoka pekupeku, akishika kiuno.

Wimbo ulikatika katikati. Kisha mama mmoja aliyeitwa Amisa akaangua kicheko, akaweka kikapu chini asije akavunja mayai, na kijiji kizima kikamfuata. Kuku wakafunguliwa. Tukashikwa mikono kama ndugu.

Kicheko kikaisha Babu alipouliza njia ya ziwa.

"Ziwa?" Mkubwa wa kijiji alivaa kofia yake. "Hapa ziwa haiko, muzee."

"Nililiona. Nilipita hapa na kipoyi."

"Haiko."

Babu aliwatazama mmoja mmoja, na wote wakatazama chini. Akakaa kwenye mti wa kipoyi chake na kulia mbele ya watu. "Basi wenzangu wa Wamaza wana haki," alisema. "Mi mutu wa uongo." Sijawahi kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea Babu siku ile.

Walituonea haya, wakatupikia. Bukari, ugali wetu wa mihogo, ikaja, na bakuli la samaki wadogo. Mama alimshika mmoja kwa mkia, akamgeuza na kumnusa. Akatazama kijito cha kijiji, ambacho mdogo wangu angekiruka bila kulowa.

"Mama Amisa, samaki hii ilivuliwa lini?"

"Kula tu, dada."

"Si ya kukausha. Si ya moshi kama ile wanaleta Kasongo kutoka muto Lualaba. Hii ni ya leo. Ilipanda mulima na miguu?"

Amisa alimtazama mkubwa wa kijiji, na mzee yule akacheka bila kupenda. "Huyu mwanamuke anauliza sana," alisema.

"Sana," Baba alijibu. Ndilo neno pekee alilotamka pale.

Mkubwa wa kijiji akakaa karibu na Babu. "Sikia, muzee. Kila mutu wa kipoyi anatuuliza kitu gani iko huku juu. Sisi tunajibu: haiko kitu. Kule kwa wajomba wangu walionyesha muzungu muto yao, akaona kitu inang'aa ndani. Leo wanaume wote wa kule wanachimba mashimo kwa nguvu, na kijiji imehamishwa. Ziwa iko. Kesho Amisa atawapeleka, lakini kipoyi inabaki hapa. Mukirudi kwenu, mutasema vile roho zenu zinataka."

Asubuhi Babu alipanda kwa magoti yake, Mama mbele, mimi nikishika mkono wake. Tulipumzika mara nyingi. Tulipovuka ukingo wa mwisho, maji yalikuwa pale: meusi, yametulia, nyasi pande zote kama alivyosema. Babu aliingia mpaka magotini na kunawa uso, akanawa tena, akageuka kututazama huku maji yakimchuruzika kwenye ndevu. Mama alikuwa anacheka na kulia, na safari hii hakuuliza kitu.

Watu wa Wamaza walikuwa wanatungoja. Kabla kipoyi hakijagusa ardhi, jirani yetu mmoja alipaza sauti: "Bwana Ziwa! Umeliona?"

Mama alivuta pumzi ajibu. Babu akamwekea mkono begani.

"Haiko," alisema. "Mi niliwadanganya miaka hii yote. Munisamehe."

Walicheka mpaka wakashikana. Hata kapita alicheka. Mama aliingia nyumbani kwa hasira bila kusalimia mtu, na Babu akamfuata polepole.

"Baba, haikuumi?"

"Inauma sana, mutoto wangu," alisema. "Lakini zamani walikuwa wanacheka, na mi sikujua kama nasema ukweli. Leo najua."