Kifua Alichokichagua Mama

Wewe unayesoma, mara ya mwisho ulipomwinamia mgonjwa ukamnong'oneza sikioni, nani alikuhakikishia kwamba pumzi yako ni safi?

Obare hakuwahi kujiuliza. Kifua chake kilikuwa sifa ya soko zima la Rodi Kopany. Alishusha magunia ya mahindi kwenye malori huku akiimba, na siku ya Sabato alisimama nyuma ya kwaya akitoa besi iliyotetemesha mabenchi. Kukohoa hakukujua. Ndiyo maana dada yake Beverlyne, mchuuzi wa dagaa wa omena kule Sori, alipolazwa katika hospitali moja ya Homa Bay, mama yao alimchagua yeye akamuuguze.

Mama Orpah hakuchagua ovyo. Alikuwa amezika ndugu zake kwa kifua kikuu, na aliapa kwamba kikohozi hakitamgusa bintiye. Aliwasimamisha wanawe uani, akawabandika sikio mgongoni mmoja mmoja. Javan, aliyesaga mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya Osiri, alikohoa kabla hajavua shati.

"Wewe hukanyagi hospitali," mama akamwambia.

"Mama, TB nimepimwa, sina. Hili ni vumbi tu."

"Basi endelea kulila hukohuko."

Beverlyne alikuwa hajameza dawa za virusi vya Ukimwi kwa miezi mingi, tangu kliniki aliyoizoea ilipofungwa bila hata tangazo mlangoni. Kinga ya mwili ilikuwa imeisha. Kilichomlaza ni kuhara. Mapafu yake yalikuwa bado mazima. Septrin, kidonge ambacho kingeyalinda, ilimtoa malengelenge mwili mzima, na dawa mbadala haikuwepo hospitalini wala kwenye maduka ya dawa mjini. Iko njiani, waliambiwa. Wenye kuzungumza hivyo hulala salama makwao. Anayesubiri njiani ni mgonjwa.

Obare alimwosha, akamlisha uji, akambeba mpaka chooni. Jioni, kwa kuwa wodi haikutaka kelele, alimwinamia shavu kwa shavu na kumwimbia kwa sauti ya chini kabisa.

"Sogea," Beverlyne alikuwa akimwambia. "Nataka kusikia kifua kikinguruma. Hapo najua bado niko nyumbani."

Naye alikuwa akisogea.

Ndipo alipotokea Daktari Fardowsa. Alikuwa akiwaomba wauguzaji wenye afya wasukutue maji ya chumvi kooni na kuyatema kwenye kichupa.

Obare alicheka. "Daktari, wagonjwa wamejaa humu wewe unanipima mimi? Mimi hata mafua siyajui."

"Wagonjwa nimeshawapima. Sasa nawataka ninyi mnaojisifu."

Ijumaa alasiri alimwita Obare barazani. Hakuwa akitabasamu.

"Umekutwa na kuvu kwenye njia ya pumzi."

"Kuvu? Kama ya mkate?"

"Siyo hiyo, lakini ni jamaa yake. Hujificha kwa watu wazima, wenye nguvu zao, ikakaa kimya. Wewe haikufanyi kitu. Ikimwingia dada yako, itamziba mapafu."

Obare alishika nguzo ya baraza. "Nimeshampa?"

"Sijui, na sitakudanganya. Asubuhi nimemsikiliza, kifua ni safi. Dawa yake inafika Jumatatu. Mpaka hapo, mtu asimsogelee usoni bila barakoa. Hata mzima. Hasa mzima, kwa sababu mzima hajijui."

Akampa barakoa yake ya akiba. Boksi la barakoa la wodi lilikuwa tupu.

Mama Orpah alipofika jioni hiyo, Obare alimweleza yote. Mama alimtazama kama aliyerukwa na akili.

"Yawa! Kuvu katika kifua nilichokisikiliza mimi mwenyewe?" Akamgeuza palepale kwenye korido, akaweka sikio mgongoni. "Hiki hapa, safi! Kama umechoka kumwaga ndoo za dada yako, sema."

"Mama, haisikiki. Ndiyo ubaya wake."

"Kitu kisichosikika, kisichoonekana, kisichouma. Na wewe umekiamini."

Kutoka kitandani Beverlyne aliita. "Obare amenikasirikia?"

"Niko hapa," akajibu mlangoni, barakoa usoni.

"Basi niimbie."

Aliimba akiwa palepale mlangoni. Sauti ilimfikia dada yake kama iliyofunikwa kwa blanketi. Beverlyne alisikiliza kidogo, kisha akageukia ukutani. Obare hakusogea. Usiku kucha alikaa kwenye benchi la korido, akiogopa pumzi zake mwenyewe.

Asubuhi ya Sabato, saa ya kuona wagonjwa, kwaya nzima ya Rodi Kopany ilifika kwa mavazi meupe. Mama Orpah alikuwa amewapigia simu. Alijiweka mlangoni akiwakagua. Sheila, aliyekuwa na kamasi, alirudishwa nje. Wazima aliwaruhusu mmoja mmoja, akiwashukuru.

Obare alitanua mikono mlangoni. "Haingii mtu bila barakoa!"

"Kwaya gani huimba na kitambaa mdomoni?" akauliza Maxwell, mwalimu wa kwaya. Wengine wakacheka. "Omera, ndugu yangu, tumekuja na besi nyingine, usione wivu."

Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake upande wa pili wa wodi, akihangaika na mgonjwa wa oksijeni. Daktari Fardowsa hakuwa kazini. Askari wa hospitali ndiye aliyekuja, akamshika Obare mshipi na kumvuta mpaka uani. "Kijana, watu wamekuja kuomba. Acha fujo."

Obare alikimbilia dirishani. Mama alikuwa akilifunga, Beverlyne asipigwe na baridi. Kupitia kioo aliwaona wakizunguka kitanda na kuinama, nyuso karibu na uso wake, jinsi alivyopenda. Beverlyne alitabasamu. Wimbo ukaanza, taratibu. Obare aligonga kioo kwa ngumi, hakuna aliyegeuka.

Katikati ya ubeti mtu akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu.

Mama Orpah aliinua mkono, wimbo ukakatika. "Nani huyo? Nimesema mwenye kikohozi asiingie! Atoke!"

Wanakwaya walitazamana. Hakuna aliyetoka. Kisha blanketi likatikisika, na kikohozi kikaja tena, kutoka kwenye mto.