Nilivyopitwa kwenye ukiranja wa walezi na Domitila wa karamu, na kibao kilichonifumbua macho

Wakuu, habari za humu. Walionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni wa wale wa kusoma nyuzi na kupita kimya. Kuongea mbele za watu sijawahi kuweza, ndiyo maana tangu nikiwa form two mambo yangu nayaandika. Ila jana kuna mdau kasema kuwapa watoto wa msingi uongozi ni kuwajaza kiburi tu, nikaona hili sitalimeza.

Chumvi sitaongeza. Na wivu wangu sitaupaka rangi.

Turudi Ngara, Kirushya, enzi za vijiji vya ujamaa. Nilikuwa darasa la sita. Vita vya Kagera vikaanza, mgambo wakachukuliwa, baba yangu akiwamo. Baadhi ya walimu wetu nao wakapanda lori lilelile.

Darasa la kwanza likabaki halina mwalimu.

Mwalimu mkuu akatafuta njia. Akasema sisi wa darasa la sita tutakuwa walezi: kuwapokea wadogo asubuhi, kuwakalisha, kuwashika mkono waandike, kuwapeleka chooni, kuwasindikiza mpaka njia panda. Na walezi watakuwa na kiranja wao.

Wakuu, kile cheo nilikitaka mpaka nikawa nakiota.

Na sababu nilikuwa nazo. Darasani nilikuwa wa kwanza. Kiswahili changu kilinyooka, r na l sikuzichanganya kama wenzangu. Mama alishatangaza kisimani kwamba mwanawe ndiye atakayewalea watoto wao.

Mstarini akatajwa Domitila.

Domitila huyu alikuwa amerudia darasa. Kuchelewa ndiyo kawaida yake, sare inanuka moshi, maana mama yake alikuwa mgonjwa na yeye ndiye aliyewapikia wadogo zake. Kalamu kwake ilikuwa "karamu". Watu walicheka.

Mimi nikatajwa msaidizi wake. Nikapiga makofi kama wengine.

Sasa, kwenye hilo darasa la kwanza alikuwamo mdogo wangu, Evodi. Tangu baba aondoke alikuwa haingii darasani. Anasimama barabarani pale lori lilipopita, anaangalia vumbi. Nilimvuta, nikambembeleza, nikamtisha na fimbo ya mama. Wapi.

Domitila hakumvuta. Alimpa kibuyu cha maji ya kunywa, akamwambia wewe ndiye mkubwa wa maji hapa, hakuna anayekunywa bila ruhusa yako.

Kesho yake Evodi aliniacha njiani.

Ndivyo alivyofanya kwa kila aliyelia. Huyu mkubwa wa ufagio, yule mkubwa wa dirisha, mwingine kazi yake kumshika mkono mgeni mpaka azoee. Darasa zima wakubwa watupu, na kilio kikaisha.

Nyumbani ikawa ni wimbo. Dada Domitila kasema tunawe. Dada Domitila kasema kuku wasiingie ndani. Yeye dada, mimi niliyembeba mgongoni ananiita Leokadia, kavukavu.

Mama naye akataka kumwona huyo Domitila. Akaja, zikapikwa ndizi na maharage, na mama akampakulia yeye kwanza. Nilikula nikiangalia mafiga.

Hapa niwaeleze kitu. Shuleni kwetu Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kilikuwa marufuku. Ukinaswa unakiongea unavishwa shingoni kibao cha mti chenye kamba, unashinda nacho, aibu yako. Na Domitila wale watoto alikuwa anaongea nao Kihangaza. Kiswahili wangekijulia wapi?

Siku moja mwalimu wa zamu akamsikia. Mwalimu mkuu akaniita, akaniuliza kama ni kweli.

"Ni kweli, mwalimu."

Na ilikuwa kweli. Ila furaha niliyoisikia tumboni haikuwa ya mtu mwema.

Domitila akavishwa kibao mbele ya shule nzima, na mwalimu mkuu kwa mkono wake. Ukiranja nikapewa mimi.

Asubuhi yake nikasimama mbele ya darasa la kwanza. Nikawaambia kwa Kiswahili safi wasimame, wapange mstari. Hakuna aliyetikisika. Nikarudia. Evodi akanitazama shingoni, kakumbatia kibuyu chake, akaniambia kwa Kihangaza:

"Wewe si kiranja. Kibao chako kiko wapi?"

Nikaelewa. Wale watoto waliona mwalimu mkuu anamvisha dada yao kitu shingoni, shule nzima kimya. Kwao kile kilikuwa cheo.

Mwalimu wa zamu alikuwa palepale mlangoni. Mimi ambaye hata jibu sahihi nililisema kwa kunong'ona, nikapaza sauti makusudi anisikie.

"Ngwino!"

Maana yake njoo, vile mama alivyotuita tukiwa mbali shambani.

Mwalimu akageuka. "Leokadia, hata wewe?"

Akanivisha kibao. Evodi akajitwika kibuyu, akawa wa kwanza mstarini, na wengine wote nyuma yake.

Mwalimu mkuu akatokea. Katoto kamoja kakamvuta shati, kakamuuliza swali. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kuja, Kihangaza hakijui, akaniambia nimtafsirie.

"Anauliza yeye atavishwa lini, mwalimu. Wanadhani ni cheo."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza sasa tufanyeje.

Wakuu, cheo kilikuwa mkononi mwangu. Lakini nilikuwa nimeshaona. Mimi walifuata kibao. Domitila walimfuata shingo ikiwa tupu.

"Mrudishie Domitila," nikasema.

Akarudishiwa siku ileile, na kibao hakikuingia tena darasa la kwanza. Mimi nikabaki msaidizi mpaka baba na walimu waliporudi. Nikajifunza kugawa ukubwa kama yeye, ila sikumfikia.

Kwa hiyo mdau wa jana, kiburi tulikuwa nacho sisi tuliokitaka cheo. Aliyepewa kazi alikuwa na wadogo wa kuangalia tu. Mpe mtoto mtu wa kumtunza, uone.

Je, wivu uliisha? Hapana. Nilirudisha cheo huku nakitaka, na nikisikia hata leo mtu anamsifu Domitila, kuna kitu kinanichoma.

Mliowahi kupitwa na kiranja mliyemzidi marks, njooni tuchomwe wote.