Tairi Langu la Nyuma, Upande wa Kulia

Mimi nilirithi tairi. Wenzangu walirithi minazi na mbuzi. Mimi nilipewa tairi la nyuma la lori, upande wa kulia, na nilijivuna nalo Kisarawe nzima.

Ilikuwa hivi. Vita vilipokwisha, wanaume wanne walichanga wakanunua lori kuukuu la jeshi: baba yangu, mdogo wake, mwenye duka mmoja wa Mlandizi na mkulima mmoja wa Janga. Wote walikuwa watu wa kununua ng'ombe kwa mafungu. Ng'ombe akichinjwa, huyu huchukua paja, yule ubavu, na kila mtu anaijua nyama yake. Basi na lori wakaligawa hivyo hivyo. Baba mdogo akachukua injini, kwa kuwa alipenda makelele. Mwenye duka akachukua bodi. Mtu wa Janga akachukua mbele, taa na usukani. Baba akaambiwa, "Wewe chukua nyuma," akacheka, akakubali. Faida waligawana robo kwa robo, na neno hisa walilitamka kwa raha, lakini ukiuliza hisa ya fulani ni ipi, ulionyeshwa kwa kidole.

Baba alipofariki, mama alikwisha tangulia, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Shehe akapiga hesabu za mirathi: binti nusu, inayobaki ni ya ndugu wa kiume wa marehemu. Akachungulia uani, akaliona lori. Tairi la kulia kwangu, la kushoto kwa baba mdogo. Hakuna aliyeona kichekesho, hata mimi.

Kazi ikakua. Faida ikanunua lori la pili, nalo likagawiwa vivyo hivyo, malori yakawa yanapeleka mihogo, mkaa na korosho Dar es Salaam, na kwenda Gwata kuchukua mpunga. Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani na talaka na watoto wawili. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, nami nilirejea, na kilichotulisha ni tairi lile. Kila mwezi baba mdogo alinikabidhi fungu langu mkononi. Nilimwamkia, naye akajibu, "Marahaba, mwanangu," akilivuta lile neno la mwisho. Baada ya baba kufa hakuna mwingine aliyeniita hivyo.

Kisha lori la zamani likapata ajali Misugusugu, limejaa mpunga wa watu. Tairi lilipasuka, lori likalala ubavu mtaroni, magunia yakatota, utingo akavunjika mkono. Habari ilifika Kisarawe kabla ya majeruhi: tairi la nyuma, la kulia.

Niliona aibu kama niliyekamatwa ninaiba. Nilimpikia yule utingo uji, nikampelekea, nikamwomba radhi. Akanitazama kwa mshangao, akanywa uji wake.

Asubuhi moja baba mdogo aliniita barazani kwake. Wenzake wawili walikuwapo. Uani lilisimama lori la pili, limeshindiliwa mananasi, dereva anangoja ruhusa ya kuondoka.

"Mwanangu," baba mdogo alianza, taratibu, "tairi lako limetutia hasara. Mpunga wa watu lazima tuulipe, na kwa haki mlipaji ni mwenye tairi. Lakini wewe ni damu yangu. Niachie hisa yako, mzigo huo nitaubeba mimi."

Ningelipa mpunga wa gari zima kwa kitu gani, kwa vyungu vyangu? Nikiacha hisa, nitawalisha nini wale watoto? Nilitazama miguu yangu. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo niseme nimekubali, tena nishukuru.

Ndipo mtu wa Janga, ambaye siku zote alikuwa mzito wa kuelewa, akauliza, "Sasa hilo lori la tatu likija, nyuma kulia itakuwa ya nani?"

Baba mdogo akamkata jicho. Mwenye duka akakohoa.

Kumbe lipo la tatu! Hofu yangu yote ikageuka hasira. Mtu hakimbilii hasara ya mwenziwe, hata awe baba mdogo, mpaka awe ameona kitu nyuma yake. Nikainuka, nikateremka uani, nikaichukua spana ya magurudumu chini ya kiti cha dereva.

"Unakwenda wapi?"

"Kuchukua changu."

Nati ya kwanza ya tairi la nyuma, upande wa kulia, ilikataa. Nikapanda juu ya mpini wa spana nikaruka, mara moja, mara mbili, kanga inanivuka, mpaka nati ikalegea. Nyingine zikafuata. Nilizifunga zote kwenye pindo la kanga, pale tunapofunga senti, nikakaa chini nikaliegemea tairi. Dereva akainua mikono, akasema yeye haendeshi.

Jua likapanda. Harufu ya mananasi ikazidi kuwa tamu. Baba mdogo akaja na bakora yake, akasimama juu yangu.

"Rudisha nati!"

"Za tairi la nani?"

"Mananasi yataoza!" mwenye duka akapiga kelele kutoka barazani.

"Mananasi yamo kwenye bodi, na bodi ni yako. Mimi nina tairi tu."

Bakora ikainuka. Nikafumba macho. Badala ya pigo nikasikia sauti yake, kali, imepasuka: "Lori haliendi kwa tairi moja, we mtoto! Hisa si tairi!"

Nikafumbua macho. "Rudia, baba mdogo, wenzako wasikie."

Akawageukia wenzake. Kisha akarudia, polepole, kwamba hisa si tairi, ni hisa ya vyote, hasara ya wote na faida ya wote.

"Na lori la tatu?"

"Na la tatu."

Nikalifungua pindo.

Mpunga tuliulipa sote, kila mtu kwa kadiri ya fungu lake, na miezi ile wanangu na mimi tulikula mihogo mitupu. Lori la tatu likaja, kisha la nne. Wengi walitaka kuinunua hisa yangu, sikuuza.

Kesho yake ya siku ile ya nati nilipita mbele ya baraza lake, nikamwamkia kama kawaida.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," akasema, "mwenye hisa."

Nilidhani hasira zitaisha. Kila nilipomwamkia nilisimama kidogo, nikingoja lile neno jingine, na fungu langu nililipokea kamili, halikupungua hata senti. Tulimzika akiwa bado ananiita mwenye hisa.