Rauta ya Chumbani

Paskazia alikuwa mshona nguo wa Masumbwe, mwanamke wa maneno machache. Mimba yake ya kwanza ilipotoka, hakulia mbele ya watu. Alirudi kwenye cherehani akaendelea kushona sare za shule, ila moyoni alikuwa akitafuta kosa lake.

Mama mkwe wake alikuja kutoka Samuye kumpa pole. Akaona kisanduku chenye taa za kijani karibu na mto wa kitanda. Ilikuwa rauta ya waifai. Edson, mumewe Paskazia, alikuwa akisoma chuo kwa njia ya mtandao.

"Mayu, mama yangu, kitu hiki kinawachoma mkiwa mmelala," mama mkwe akasema. "Mtoto angepona vipi?"

Basi Paskazia akapata pa kuelekezea uchungu wake. Aliposhika mimba tena, akawa anaizima rauta hata Edson akiwa katikati ya somo. Wakagombana hadi Edson akachoka.

"Twende zahanati tukaulize," akasema. "Wakisema ina madhara, naitoa leo leo."

Nesi Justa aliwasikiliza bila kucheka. Akawaeleza kwamba mawimbi ya rauta ni ya redio, tena dhaifu. Hayana nguvu ya kuharibu chembe za mwili kama eksirei, na ukisogea mbali kidogo yanafifia zaidi. Watafiti wanaendelea kuchunguza, lakini hawajathibitisha kwamba yanatoa mimba.

"Kama si rauta," Paskazia akauliza taratibu, "basi ni mimi?"

Nesi akaweka kalamu chini. "Mimba nyingi hutoka na sababu haijulikani. Hukukosea popote, mama."

Hapo ndipo machozi yakamtoka, yale aliyoyazuia miezi yote ile. Edson akamshika mkono.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi?"

Walihamishia rauta sebuleni, maana Paskazia alitaka kulala bila wasiwasi, na ugomvi ukaisha. Mtoto wao, Nelly, akazaliwa salama. Mama mkwe akaja kumtunza mzazi, na siku moja, alipokuwa akimkanda kwa maji ya moto, Paskazia akamweleza mama maneno ya nesi.

Mama akaacha kukanda, kitambaa kikipoa mkononi.

"Mimi mimba zilitoka mbili kabla ya Edson," akasema. "Enzi zile hakukuwa na rauta. Waliniambia jirani kaniroga. Sikumsalimia yule mama mpaka akafa."