Bati la Juu ya Kitanda

Kiwanda cha pamba kilipobinafsishwa, mume wangu alipunguzwa kazi. Akaniaga, anavuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo kwenda Geita kutafuta dhahabu. Kabla ya kutoka aliangalia bati lililokuwa likivuja juu ya kitanda chetu. "Hilo usimpe fundi. Nitaliziba mwenyewe nikirudi." Mvua ikinyesha tulikuwa tunavuta kitanda wawili, tukicheka kama watoto.

Mvua ya kwanza baada ya yeye kuondoka nilivuta kitanda peke yangu. Watoto hatukujaliwa. Upweke jamani, usiombe.

Basi shemeji yangu, mdogo wake, akaja kutoka Magu. Siku hizo hapa kwetu Buswelu kila mtu alikuwa anajenga. Matanuru ya matofali yanafuka moshi, miti inakwisha vilimani. "Shemeji, bomoa hiki kibanda. Tukate hii miarobaini, tuchome matofali, ujenge nyumba ya kisasa."

Nilimkatalia palepale. "Matofali ya ukuta huu yalishachomwa, moshi wake ulishakwenda zake. Nichome mengine ya nini? Na kaka yako akirudi asipajue kwake?" Akasema nina kichwa kigumu. Ninacho, ndiyo.

Nikamwita fundi. Tukaziba nyufa, tukapanua madirisha upande wa ziwani, tukapiga lipu. Nyumba ikapoa, na mchana sikuwasha tena kibatari. Fundi akapanda juu, akagonga bati lile. "Mama, na hili je?"

"Liache. Lina mwenyewe."

Akanitazama kama nimerukwa na akili, akashuka. Nikaishi na beseni chini ya tundu lile misimu mingi. Watu wakadhani bati moja limenishinda!

Siku moja jirani yangu, mama muuza dagaa, akarudi kutoka ng'ambo ya ziwa, huko Geita. Aliweka tenga chini, hakukaa. "Mumeo nimemwona, dada. Mzima kabisa. Amejenga. Matofali mapya, mabati mapya. Na mke yumo ndani."

Nikasema asante. Hata maji ya kunywa nilisahau kumpa.

Kesho yake nikamwita fundi. "Lile bati," nikamwambia, "lizibe." Akapanda juu, akaliziba.

Mvua ikaja alasiri, ile kubwa ya kutoka ziwani. Nilikaa kitandani nikiangalia juu. Halikudondoka hata tone moja. Nililia peke yangu, ndani ya nyumba kavu kabisa.