Mwenyekiti Katika Tope

Mwenyekiti wa kikundi cha mazingira alikuja kutembea msituni Arabuko na viatu vyeupe, baada ya mvua ya wiki nzima. Suruali aliishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba panya mfu. Kila hatua kumi alichuma jani bichi, akafuta viatu, akalitupa, kisha akawageukia wenziwe. "Jamani, mti ni uhai." Thoya, aliyekuwa akiwaongoza, alijaribu kuyahesabu yale majani, yalipopita thelathini akachoka.

Njiani walimkuta mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani, kuni kavu alizozihangaikia tangu alfajiri ili wanawe wapate kula. Mwenyekiti hakumwamkia. "Nyinyi ndio mnaotumalizia msitu." "Hizi zimeanguka zenyewe, mwanangu, na kibali ninacho," alijibu mama. Mwenyekiti akaendelea kuhutubu, akisogea huku na huku, mpaka mguu wake mmoja ukazama topeni hadi gotini. Sauti yake nene ikawa nyembamba. "Mama, hebu lete hizo kuni nikanyage."

"Zikilowa nitapikia nini?"

"Basi twende kwa askari wa msitu tukakitazame hicho kibali, hata ukishinda huko kutwa."

Mama akatua mzigo. Thoya akazitandika kuni bila kumtazama mama usoni, na mwenyekiti akapita juu yazo hadi pakavu. Alipogeuka, mama alikuwa ameinama akizing'oa topeni, mojamoja.

"Mpigeni picha," mwenyekiti aliwaambia wenziwe. "Watu waone msitu unavyoibwa."